Kumpa mtu nyumba au kiwanja kwa zawadi Tanzania Bara: kutoka maneno ya sebuleni hadi hati mpya

"Baba alisema nyumba hii ni yako." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kwenye benchi la nje ya Baraza la Ardhi na Nyumba, maana kazi yangu ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili hunipeleka huko karibu kila wiki. Anayeisema mara nyingi anasema kweli. Baba alisema, mashahidi walikuwepo, pilau lilipikwa. Lakini hati bado ina jina la baba, baba ameshazikwa, na kaka mkubwa naye ana mashahidi wake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye hai na mwenye akili zake, anayetaka kumpa mwanawe, mkewe, mumewe, ndugu yake au hata rafiki yake ardhi au nyumba bila kumuuzia, na kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kuja kuipindua baadaye. Nazungumzia Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na Kenya na Uganda vilevile, kwa hiyo msomaji wa huko asichukue viwango wala fomu za hapa.

Kisheria ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuitumia, iwe hakimiliki ya kupewa, ambayo ndiyo hii hati ya mjini ya miaka 33, 66 au 99, au hakimiliki ya kimila ya kijijini. Kwa hiyo unapotoa zawadi unahamisha haki iliyoandikwa kwenye daftari la serikali, na daftari hilo halibadiliki kwa maneno ya sebuleni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25, nayo inasema makubaliano yasiyo na malipo hayana nguvu, ila kwa mambo machache. Mojawapo ni pale yanapoandikwa, yakasajiliwa, na yakawa yametokana na mapenzi kati ya watu wa karibu. Ahadi ya mdomo, hata ingetolewa mbele ya sheikh na padri kwa pamoja, haimpi mpokeaji cha kudai kwa Msajili wa Hati.

Kabla ya yote: unataka zawadi au wosia?

Wengi wanaokuja ofisini wakisema wanataka "kumwandikia mtoto nyumba" hawataki kutoa zawadi. Wanataka nyumba iwe ya mtoto wakishakufa. Hilo ni wosia, na unaweza kuubadilisha hata kesho mtoto akianza kukuletea jeuri. Zawadi ikishasajiliwa imeondoka mkononi. Mpokeaji anaweza kuiuza, kuiweka rehani benki au kumpangishia mtu mwingine, na huna la kumfanya isipokuwa uthibitishe mahakamani kwamba ulidanganywa, ulilazimishwa, ulishawishiwa isivyo halali au hukuwa na akili timamu siku ya kusaini. Kwamba "amekuwa hanijali" hakitoshi kuirudisha.

Mzee wa miaka 70 anayetaka kutoa nyumba pekee aliyonayo, mimi humwambia hivi: lala kwanza. Ukiamka bado unataka, kuna njia ya kujilinda nitakayoieleza kwenye uandishi wa hati.

Hatua ya kwanza: jina lililo kwenye hati ni la nani?

Huwezi kutoa kisicho chako, na "chako" hapa maana yake ni kile kilicho kwenye jina lako kwa Msajili. Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfano unaojirudia ni wa mjane. Amejenga na mumewe, mume amefariki miaka 8 iliyopita, hati ipo kabatini ikiwa na jina la marehemu. Mama anataka kumpa binti yake wa mwisho aliyemuuguza. Nia ni njema, ila mama hana cha kutoa bado. Inabidi mirathi ifunguliwe kwanza mahakamani. Mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu hufunguliwa kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa hupewa ile karatasi ambayo makarani wote wanaiita Fomu Namba 4. Msimamizi anasajiliwa kwenye hati kwa nafasi yake hiyo ya usimamizi, kisha anagawa mali kwa warithi. Sehemu inayomwangukia mama ndiyo mama anaweza kuitoa. Warithi wengine wakikubali wote kwamba nyumba nzima imwendee binti, basi huo ni mgawanyo wa mirathi, hauhitaji hata hati ya zawadi. Mara nyingi ndiyo njia fupi zaidi.

Mfano wa pili ni wa aliyenunua lakini hakuhamisha. Ana mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na hati au ofa (barua ya toleo la kiwanja) bado ina jina la muuzaji. Mtafute muuzaji, mkamilishe uhamisho wa kwanza, ndipo uje kwenye zawadi. Muuzaji akiwa amefariki, utalazimika kumwendea msimamizi wa mirathi yake. Hakuna njia ya kuruka.

Jina likiwa ni lako, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, hata kama hati unailalia chini ya mto. Unaandika maombi, unapewa namba ya malipo, unalipa ada, unaletewa taarifa ya kimaandishi inayoonyesha nani amesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Nyumba iliyo kwenye rehani haihamishiki bila ridhaa ya benki. Zuio nalo lazima liondolewe na aliyeliweka, au na mahakama.

Kama hati ina majina mawili, yako na ya mwingine, angalia namna mlivyosajiliwa. Kuna umiliki wa pamoja usio na mafungu na kuna umiliki wa hisa, ambapo kila mtu ana fungu lake linalojulikana. Vyovyote vile, mwenzako atahitajika kusaini.

Hatua ya pili: mume au mke

Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, kifungu cha 59, haina maneno ya kuzunguka. Nyumba ya ndoa, hata kama imeandikwa jina la mmoja, haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Zawadi imetajwa kwa jina lake. Mwenza asiyeridhia anaweza kuweka zuio, na uhamisho uliofanyika kwa siri akaenda kuupinga.

Kwa vitendo ofisi za ardhi hudai ridhaa ya mwenza hata kwa kiwanja kitupu kisicho nyumba ya ndoa. Andaa hati ya ridhaa, mwenza asaini mbele ya wakili mwenyewe kwa mkono wake, na picha yake ibandikwe. Mwenye wake zaidi ya mmoja apate ridhaa za wake zake, na asijidanganye kwamba ya bi mkubwa inatosha wakati nyumba ndiyo anayokaa bi mdogo. Asiye na ndoa, mtalaka au mjane huapa kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo kueleza hali yake. Na anayeishi na mtu bila ndoa asikimbilie kuapa kwamba hana mwenza: waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi wakajulikana kama mke na mume, sheria hiyohiyo kifungu cha 160 inawadhania kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo.

Ukimpa mwenza wako mwenyewe, kifungu cha 61 kinasema mali hiyo itachukuliwa kuwa imekuwa yake kabisa, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Wanaume wanaoandika kiwanja jina la mke ili kukikimbiza kwa wadai wakisome mara mbili. Halafu wakumbuke pia kwamba mahakama inaweza kutengua uhamisho uliofanywa kwa lengo la kuwakwepa wadai.

Hatua ya tatu: mpokeaji anaruhusiwa?

Asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wake maalumu. Hili ndilo linalowaumiza wazazi wenye watoto ughaibuni. Kijana amechukua pasipoti ya Marekani au Uingereza, kwa mtazamo wa mama bado ni mtoto wa Kitanzania, lakini Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Uliza swali la uraia mapema, tena uliza wazi, usije ukalipa uthamini na wakili bure. Mambo ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania yamekuwa yakifanyiwa kazi kisheria, kwa hiyo aliye katika hali hiyo aanzie Wizara ya Ardhi.

Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba. Zawadi kwake inapitia mtu mzima anayeshika kwa niaba yake, na maneno "kwa niaba ya" lazima yaonekane kwenye nyaraka. Ukimwandika mjomba peke yake ukitumaini "anajua ni ya mtoto", umempa mjomba.

Hatua ya nne: kikao cha familia

Sheria haikulazimishi kuwaita watoto wote kikaoni unapotoa mali yako mwenyewe. Mimi nakushauri uwaite. Waambie unachotoa, unampa nani na kwa nini, mmoja aandike muhtasari, wote wasaini. Muhtasari huo hauhamishi mali, ila miaka 10 baadaye mtu akija kusema mzee alikuwa amerogwa au amezeeka akili, saini yake mwenyewe itakuwa pale chini. Kama mtoaji ni mzee sana au mgonjwa, ongeza barua ya daktari ya siku zilezile inayoeleza kwamba akili yake iko sawa.

Hatua ya tano: kuandika hati ya zawadi

Mwone wakili. Unaweza kuandika rasimu mwenyewe, lakini saini lazima zishuhudiwe na mtu anayetambulika kisheria, na kosa dogo kwenye namba ya kiwanja hugharimu zaidi ya ada ya wakili. Hati yenyewe si ndefu. Kiini chake ni maneno ya namna hii:

*"Mimi, (jina kamili kama lilivyo kwenye hati miliki), mmiliki wa Kiwanja Namba ___, Kitalu ___, eneo la ___, chenye Hati Namba ___, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa wala kushawishiwa na mtu yeyote, kwa mapenzi niliyonayo kwa binti yangu (jina kamili), nampa kiwanja hicho pamoja na nyumba na maendelezo yote yaliyomo. Sijapokea wala sitapokea malipo yoyote kwa zawadi hii."*

Na chini yake:

*"Nami, (jina kamili la mpokeaji), nakiri kuipokea zawadi hii pamoja na masharti ya umiliki yaliyomo kwenye hati miliki."*

Usidharau kipande cha pili. Zawadi isiyopokelewa haijakamilika, na nimeona hati zilizosainiwa na mtoaji peke yake.

Majina yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na hati miliki. Kama hati inasema Mohamed na kitambulisho kinasema Muhammad, andaa kiapo cha majina kabla hujaulizwa.

Ile njia ya kujilinda niliyoahidi ni hii. Mzee anayetaka kutoa nyumba na kuendelea kukaa humo aiseme ndani ya hati: kwamba atakaa bila kulipa kodi hadi mwisho wa maisha yake, yeye na mwenza wake. Kwa uhakika zaidi mpokeaji asaini mkataba wa upangaji wa muda mrefu kwa kodi ya jina tu, nao usajiliwe kwenye hati miliki ya nyumba hiyo. Upangaji wa zaidi ya miaka 5 kwenye ardhi iliyosajiliwa unatakiwa kusajiliwa, na ukishasajiliwa, anayenunua nyumba hiyo kesho anaukuta humo. Au toa hisa badala ya nyumba nzima: nusu kwa nusu, majina mawili kwenye hati, hakuna anayeweza kuuza bila mwenzake.

Onyo moja kwa walio na haraka. Kuna watu wanashauri uandike mkataba wa kuuziana wa uongo, "nimemuuzia mwanangu kwa shilingi milioni 2", eti ni rahisi. Si rahisi. Kodi itakadiriwa kwa thamani iliyoidhinishwa hata hivyo, na siku ya ugomvi mwenye kupinga atauliza hizo milioni 2 zililipwa lini na kupitia wapi. Zawadi iitwe zawadi.

Hatua ya sita: uthamini na kodi

Watu wengi wanashangaa hapa: nagawa bure, kodi ya nini? Jibu ni kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato humchukulia anayetoa mali bure kana kwamba ameiuza kwa thamani ya soko. Kwa hiyo mthamini aliyesajiliwa anakuja, anapima, anapiga picha, anaandika taarifa, na taarifa hiyo inaidhinishwa na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Thamani hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote.

Kodi ya kwanza ni ya ongezeko la mtaji, inayolipwa TRA. Kwa mkazi wa Tanzania ni 10% ya faida, yaani tofauti kati ya thamani ya sasa na gharama zako za kununua na kujenga. Tuseme nyumba imethaminiwa shilingi milioni 80, nawe una mikataba na stakabadhi za kiwanja, mabati, saruji na fundi zinazofika milioni 50. Faida ni milioni 30, kodi ni milioni 3. Asiye na kumbukumbu za gharama hukadiriwa 3% ya thamani iliyoidhinishwa, ambayo kwa nyumba hiyo ni milioni 2 na laki 4. Piga hesabu zote mbili kabla ya kwenda dirishani, na tunza stakabadhi za ujenzi hata kama zimepauka.

Kuna misamaha, na wengi hawaiombi kwa kutoijua. Nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe umeimiliki kwa miaka 3 au zaidi na ukaishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi haitozwi iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Shamba lenye thamani ya soko chini ya milioni 10, lililolimwa kwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyotangulia, nalo halitozwi. Na ukimpa mume au mke wako, sheria ina kifungu kinachowezesha mali ipite bila kuhesabiwa faida kwa sasa, mradi mwenza anayepokea achague hivyo kwa maandishi. Kodi haifutwi, inasubiri siku yeye atakapoiuza. Msamaha haujitokezi wenyewe: unaandika barua TRA ukiambatanisha ushahidi, na unapewa cheti kinachoonyesha kwamba umelipa au umesamehewa. Bila cheti hicho Msajili hasajili.

Kodi ya pili ni ushuru wa stempu, 1% ya thamani. Kwa nyumba yetu ya milioni 80 ni shilingi laki 8. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu hati iliposainiwa, vinginevyo kuna adhabu. Hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi, na hilo hujulikana siku mbaya kuliko zote.

Nani alipe? Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya mtoaji kisheria. Katika familia nyingi mpokeaji ndiye anayejipapasa mfukoni, na hakuna ubaya mkikubaliana. Wote wawili wawe na namba ya mlipakodi.

Kodi ya pango la ardhi nayo lazima isiwe na deni. Kwa kiwanja kilichokaa miaka mingi bila kulipiwa, deni na riba vinaweza kukushtua, kwa hiyo angalia salio mapema.

Hatua ya saba: kibali na usajili

Baada ya hapo ni kazi ya foleni. Wakili anajaza fomu tatu ambazo kila karani wa ardhi anazijua kwa namba: ya 29 ya taarifa ya uhamisho, ya 30 ya kuomba kibali, na ya 35 ya uhamisho wenyewe. Zinaambatana na hati ya zawadi, hati miliki halisi, taarifa ya uthamini, stakabadhi ya kodi ya pango, ridhaa ya mwenza au kiapo, vitambulisho na picha za pasipoti za pande zote mbili. Zinapelekwa kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa au halmashauri. Kibali kikitoka na kodi zikishalipwa, nyaraka zinaenda kwa Msajili wa Hati, ambaye anaandika jina jipya.

Zawadi inakamilika siku hiyo ya kuandikwa kwenye daftari. Mtoaji akifariki baada ya kusaini lakini kabla ya kusajili, umeingia kwenye mgogoro na warithi. Ndiyo maana nawaambia wateja wasisaini hati kisha wakaiweka kabatini "mpaka tupate hela ya stempu". Kusanyeni hela kwanza, kisha msaini. Malipo yote ya serikali yapitie namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayekuambia umtumie kwenye simu yake ili "akusukumie faili" mwache.

Aliye nje ya nchi anaweza kumpa mtu hati ya uwakilishi, ishuhudiwe ubalozini au na mthibitishaji wa huko, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati kabla ya kutumika. Iandikwe wazi kwamba mwakilishi ana mamlaka ya kutoa zawadi kiwanja fulani kwa mtu fulani. Hati ya uwakilishi ya jumla jumla, yenye kusema "kusimamia mali zangu zote", haimpi mtu ruhusa ya kugawa mali zako bure.

Ardhi isiyo na hati: mtaani na kijijini

Kwenye maeneo ya mjini yasiyopimwa, watu huandikishana ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, mjumbe na majirani wa mipaka. Si uhamisho wa hati, kwa sababu hati haipo, lakini ni ushahidi. Andika mipaka yote minne kwa majina ya majirani, nao wasaini. Eneo likiwa kwenye mpango wa urasimishaji, ni afadhali kukamilisha upimaji kwanza. Mkidaiwa asilimia 10 "ya ofisi", ombeni stakabadhi ya serikali na mtaje ada imewekwa na sheria gani. Mara nyingi bei hushuka hapohapo.

Kijijini inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Hakimiliki ya kimila huhamishwa kwa kibali cha Halmashauri ya Kijiji, ambayo huangalia pia kama mpokeaji ni mkazi au anakusudia kuja kukaa na kufanya kazi pale.

Kijijini ndipo pia unapokutana na ukoo. Kihamba cha Uchagani au kibanja cha Bukoba, wajomba watakuambia hakitoki nje ya ukoo, na hakiendi kwa mtoto wa kike. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi. Hata kabla ya sheria hiyo kutungwa mwaka 1999, Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, ilikubali kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake alikuwa na haki ya kuiuza kama mwanamume. Hukumu hiyo bado inatajwa mahakamani.

Hiba kwa Waislamu

Hiba ina nguzo tatu: mtoaji kutamka kutoa, mpokeaji kukubali, na mali kukabidhiwa. Wengi hufanya mbili za mwanzo wakaisahau ya tatu. Baba anatamka, mtoto anakubali, baba anaendelea kupokea kodi za wapangaji mpaka anakufa. Kwa nyumba, makabidhiano ni funguo, hati na mapato. Na hiba iliyofanywa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, kwa hiyo haivuki theluthi ya mali wala haimwendei mrithi bila warithi wenzake kuridhia. Kisa cha Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa yeye peke yake na Mtume akauliza kama watoto wote wamepewa vivyo hivyo, wenye kugawa wanakijua. Wakumbuke tu kwamba karatasi ya hiba kutoka msikitini, hata ikiwa sahihi kwa dini, bado inahitaji safari ile ile ya kodi na Msajili ili jina libadilike.

Hati mpya ikitoka

Mpokeaji asilale. Abadilishe jina kwenye akaunti ya kodi ya pango la ardhi, kisha aende TANESCO kubadilisha jina la mita, kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Bili ya maji nayo. Wapangaji wapewe barua yenye saini ya mtoaji na mpokeaji, wakielezwa kodi ya mwezi ujao inalipwa kwa nani. Atengeneze nakala za hati zilizothibitishwa, na ile halisi aiweke mahali ambapo maji ya mvua hayafiki.

Mwenye malalamiko kuhusu ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri la kudai, kwa hiyo mafaili yale yote, ya kikao, ya daktari, ya ridhaa, ya TRA, yakae pamoja na hati kwa angalau muda huo.

Yule mjane niliyemtaja alirudi mwaka jana na Fomu Namba 4 mkononi. Watoto wake wote watano walisaini mgawanyo, nyumba ikamwendea binti, na chumba cha mbele kikabaki cha mama kwa mkataba wa shilingi elfu moja kwa mwaka. Aliulipa palepale ofisini, miaka 20 kwa mkupuo, akadai risiti.